Urusi Kama Tuionavyo

Jina la Urusi husikika katika nyumba zetu kila siku. Baba hulisikia katika habari za vita na bei ya ngano. Kijana hulisikia kwa mwenzake aliyepata nafasi ya kusoma udaktari huko. Na mama hulisikia kwa hofu, kwa kuwa mwanawe amekwisha anza kutaja safari. Wako wanaoisifu nchi hiyo hata wakaiona haina dosari, kwa sababu tu yashindana na wakubwa wa Ulaya na Marekani. Wako na wanaoilaani hata wakasahau ya kuwa ndani yake mna mamilioni ya watu wasemao shahada kama tuisemavyo sisi. Hatupendi kuwa katika kundi hili wala lile. Qurani Tukufu, katika Sura ya 49, yatufundisha ya kuwa kufanywa kwetu mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana; na mtu hamjui mwenziwe kwa kumsifu bila kipimo, wala kwa kumtukana. Basi katika makala hii twataka kuitazama Urusi kwa jicho la mgeni: siasa yake, biashara yake, safari zake na starehe zake, kisha tuseme lile ambalo, kwa maoni yetu, nyumba ya Kiislamu yapaswa kulichukua.

Uislamu si mgeni huko

Wengi wetu hudhani ya kuwa Waislamu wa Urusi ni wahamiaji tu waliofika juzi kutafuta kazi. Sivyo hivyo. Msikiti wa Ijumaa wa Derbent, katika nchi ya Dagestan, ulijengwa mwaka 733, yaani zaidi ya miaka 250 kabla ya Mfalme Vladimir wa Kiev kubatizwa mwaka 988. Na mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipeleka ujumbe kwa mfalme wa Wabulghari, waliokaa kando ya mto Volga na waliokwisha uelekea Uislamu. Katika ujumbe huo alikuwamo Ahmad ibn Fadlan, naye aliyaandika aliyoyaona. Moja katika yaliyomshangaza ni ufupi wa usiku wa kiangazi. Alikaa akingoja adhana ya Isha, na aliposikia adhana akatoka nje, kumbe alfajiri imekwisha ingia! Mwadhini alimweleza ya kuwa wao huisali Isha pamoja na Magharibi.

Watatari wa leo hujihesabu kuwa warithi wa Wabulghari hao, nao hufuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Lakini watu wengi wa Dagestan ni wafuasi wa Imam Shafii, kama walivyo wengi wa pwani yetu. Na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, ambacho masheikh wetu walikisomesha Lamu na Unguja, kilisomeshwa vile vile katika milima ya Kaukazi. Imam Shamil, aliyeongoza watu wa milima hiyo kupigana na majeshi ya mfalme wa Urusi tangu 1834 hata alipokamatwa mwaka 1859, alifariki Madina mwaka 1871, na kaburi lake liko Baqii. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa akutanapo na mtoto wa Dagestan, hakutani na mgeni mtupu. Babu zao walisoma kitabu kimoja.

Siasa: mkono utoao na mkono utwaao

Mtu akitaka kuifahamu siasa ya Urusi, na asianze kwa hotuba za leo. Na atazame jinsi dola ile ilivyoishi na raia zake Waislamu kwa karne nyingi. Ataona mkono mmoja ukitoa na mkono wa pili ukitwaa.

Mwaka 1552 Ivan wa Nne aliuteka mji wa Kazan, na misikiti yake ikabomolewa. Karibu miaka mia mbili baadaye kazi hiyo ilifanywa tena kwa amri ya serikali: kufikia mwaka 1744, katika jimbo la Kazan peke yake, misikiti 418 kati ya 536 ilikuwa imekwisha bomolewa. Kisha akaja Malkia Catherine wa Pili. Huyu aliruhusu Watatari wajenge msikiti wa mawe katika Kazan, nao ni Msikiti wa Marjani, ambao ungali wasimama hata leo. Mwaka 1773 alitoa amri ya kuvumilia dini nyingine. Mwaka 1787 Msahafu ulipigwa chapa katika mji wake mkuu kwa agizo lake. Na mwaka 1788 akaanzisha baraza la mambo ya Waislamu. Je, aliupenda Uislamu? La. Alikuwa akipigana na Waturuki, na alitaka Waislamu walio chini yake watulie. Na kupitia baraza lile, maimamu wakawa chini ya mkono wa serikali.

Mwaka 1917 wafuasi wa Lenin walipoitwaa dola, hawakumaliza mwezi mmoja ila walitoa tangazo kwa Waislamu wote wa Urusi na Mashariki, lenye sahihi za Lenin na Stalin, wakiahidi ya kuwa dini yao na desturi zao haziguswi tena. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi na mitano. Misikiti ilifungwa kwa maelfu, wanavyuoni wakafungwa au wakauawa, na herufi za Kiarabu zikaondolewa. Zikaletwa za Kilatini, kisha za Kirusi, hata mjukuu akawa hawezi kusoma barua ya babu yake. Mwezi wa Februari 1944 Wachechnya na Waingushi, wazee kwa watoto, walipakiwa katika mabehewa ya mizigo wakapelekwa Asia ya Kati. Na mwezi wa Mei mwaka ule ule wakafuata Watatari wa Krimea. Wachechnya hawakuruhusiwa kurejea kwao mpaka mwaka 1957.

Dola hiyo ya Kikomunisti ilivunjika mwezi wa Desemba 1991, na tangu mwisho wa mwaka 1999 mtu mkubwa katika Urusi amekuwa Bwana Vladimir Putin. Baina ya 2008 na 2012 alishika uwaziri mkuu, na mwingine akaitwa rais. Lakini hakuna aliyeshuku ni nani mwenye usukani. Mwaka 2020 katiba ilibadilishwa ili miaka yake iliyopita isihesabiwe, na mwaka 2024 akapewa miaka sita mingine. Baada ya majeshi yake kuingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, ilitungwa sheria ya kumfunga mtu hata miaka 15 kwa kueneza habari za jeshi ambazo serikali itasema ni za uongo. Mgeni aingiapo nyumba ya Kirusi ataona jambo hili upesi: watu huzungumza kwa uhuru juu ya watoto, vitabu na ugonjwa, lakini siasa ikitajwa, sauti hushuka.

Na ule mkono utoao na utwaao ungali upo. Mwaka 2005 ulifunguliwa Msikiti wa Kul Sharif ndani ya ngome ya Kazan, ukiitwa kwa jina la imamu aliyekufa akiulinda mji mwaka 1552. Nao wakaa jirani na kanisa kuu la Kiorthodoksi. Mwaka 2015 Msikiti Mkuu wa Moscow, wenye nafasi ya watu 10,000, ulifunguliwa na rais mwenyewe. Lakini mwaka 2013 mahakama moja ya mji wa Novorossiysk ilikuwa imeipiga marufuku tafsiri ya Qurani kwa Kirusi, ati ni kitabu cha fitina. Hukumu ikatanguliwa baada ya miezi michache, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuvilinda vitabu vitakatifu. Mwaka huo huo wa 2015 Mahakama Kuu ilikubali wasichana wa Mordovia wakatazwe hijabu shuleni, na mwaka 2024 mkoa wa Vladimir nao ukakataza. Hata mkuu wa Tatarstan, aliyekuwa akiitwa kwa neno la Kizungu la rais, alilazimika kuliacha kwa sheria ya dola; na tangu 2023 aitwa Rais, neno la Kiarabu lile lile tulitumialo sisi. Jina limebaki tamu kwa Mwislamu, lakini madaraka hayakuongezeka.

Biashara

Warusi ni watu wenye akili na ujuzi, na ardhi yao ina mafuta, gesi, madini na ngano tele. Lakini mali nyingi si kitu kimoja na biashara yenye amani. Mwaka 1992 bei zilipanda zaidi ya mara ishirini kwa mwaka mmoja, na akiba ya mzee aliyefanya kazi miaka arobaini ikawa haitoshi kununua viatu. Mwaka huo huo kila raia alipewa hati ya thamani ya rubli 10,000, iwe sehemu yake katika viwanda vya serikali. Wengi, kwa njaa na kwa kutojua, waliziuza hati hizo kwa bei ya chini, na watu wachache wakawa matajiri wakubwa kabisa. Halafu matajiri hao nao wakafundishwa ya kuwa mali yao yakaa salama maadamu mwenye dola yu radhi: Bwana Mikhail Khodorkovsky, aliyesemwa kuwa tajiri kupita wote nchini, alikamatwa mwaka 2003, akakaa kifungoni miaka kumi, na kampuni yake ya mafuta ikavunjwa.

Tangu 2022 kampuni nyingi za Ulaya na Marekani zimeondoka. Mkahawa wa kwanza wa McDonald's, ambao watu walipanga safu ndefu kwenda kuuona ulipofunguliwa Moscow mwaka 1990, leo wauza mikate ile ile kwa jina jingine la Kirusi. Kadi za benki zitolewazo nje na kampuni kubwa za Marekani hazifanyi kazi huko, na msafiri asiyechukua fedha mkononi aweza kulala na njaa huku akiba yake iko benki. Lakini liko pia jambo la kupendeza. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 serikali imeanza kujaribu benki zisizo na riba katika majimbo manne ya Waislamu, nayo ni Tatarstan, Bashkortostan, Dagestan na Chechnya. Twalipongeza jambo hili. Lakini Mwislamu mwenye hekima hukumbuka Malkia Catherine, akajiuliza kama ni dini iliyopendwa, au ni mitaji ya nchi za Ghuba.

Safari

Urusi ni nchi kubwa kupita zote duniani. Ina majira kumi na moja ya saa: mtu wa Vladivostok afuturupo, wa Moscow bado hajala chakula chake cha mchana, kama si mwenye kufunga. Reli itokayo Moscow hata Vladivostok ina urefu wa kilomita 9,289, na safari yake ni karibu wiki nzima. Kwa miaka mingi treni zote zilifuata saa ya Moscow, na msafiri wa Siberia aliona saa ya stesheni ikimwambia asubuhi na jua likimwambia jioni. Desturi hiyo iliachwa mwaka 2018.

Mwenye kutaka kuwajua Warusi na asafiri katika behewa la watu wa kawaida, lenye vitanda 54 visivyo na milango. Hapo maaskari, wanafunzi na vikongwe huvua viatu, hufungua vifurushi, na kila mmoja hukaribisha mwenziwe. Mwishoni mwa behewa mna mtungi mkubwa wa maji ya moto usiozimwa, na mtumishi huleta chai katika bilauri iliyovikwa kikombe cha chuma. Mwislamu aulize kwanza kilichomo katika chakula, kwani nguruwe hupenya hata ndani ya mikate. Ama sala, msafiri anayo ruhusa yake ya kuzikusanya na kuzipunguza. Na wengi wamesali kwa kuketi juu ya vitanda vile, na majirani wakanyamaza kwa heshima.

Katika reli ya chini ya ardhi ya Moscow, iliyofunguliwa mwaka 1935, stesheni zimepambwa kwa marumaru na taa kama majumba ya wafalme. Katika njia nyingi, ukielekea katikati ya mji husikia sauti ya mwanamume ikitaja stesheni, na ukitoka nje ya mji husikia sauti ya mwanamke. Hivyo hata asiyeona hajui kupotea.

Starehe

Watu hudhani ya kuwa starehe ya Mrusi ni ulevi tu. Hadithi zao za kale zasema Mfalme Vladimir aliukataa Uislamu kwa kuwa wakataza kileo. Na hapana shaka kileo kimeua wengi na kuvunja nyumba nyingi huko. Lakini tuseme kweli: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 ya kuwa unywaji wa pombe katika Urusi ulipungua kwa asilimia 43 baina ya 2003 na 2016, na umri wa kuishi ukaongezeka. Serikali ilipandisha kodi, ikazuia uuzaji wa usiku na matangazo. Jambo ambalo Uislamu ulilisema zamani limethibitishwa kwa hesabu katika nchi isiyo ya Kiislamu.

Starehe zao za halali ni nyingi na hazina gharama. Ya kwanza ni chai, nao huiita chai kama sisi. Neno letu la samawari asili yake ni Kirusi, maana yake kitu kijichemshacho chenyewe. Na mji wa Tula ndio mashuhuri kwa kuzitengeneza. Watatari huinywa kwa maziwa, pamoja na mkate wa pembe tatu uliojazwa nyama, viazi na vitunguu, au chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kugandishwa kwa asali. Starehe ya pili ni kibanda cha shamba. Familia nyingi za mjini zina kiwanja kidogo, aghalabu mita 600 za mraba, wapandapo viazi na matango. Na siku za mapumziko mwalimu na daktari huonekana wameinama na majembe. Ya tatu ni hamamu ya mvuke, ambamo watu hujichapa polepole kwa matawi ya majani. Mwislamu na achunge sitara yake. Na baada ya kupanda mbegu Watatari hufanya sikukuu ya Sabantuy, yenye mbio za farasi na mieleka ya kukamatana kwa taulo kiunoni. Tumeona ya kuwa furaha hizi zote zina jambo moja: ni za jamaa nzima, babu hata mjukuu.

Vijana

Sasa twageukia kwenu, vijana. Tarehe 22 Machi 2024 watu wenye silaha waliingia katika ukumbi wa muziki karibu na Moscow wakaua watu zaidi ya 140, na kundi lijiitalo la Kiislamu likajisifu kwa dhambi hiyo. Katika ukumbi ule alikuwamo kijana Mwislamu wa miaka 15, mwenye kazi ya kutunza makoti ya wageni. Yeye aliijua njia ya nyuma. Hakukimbia peke yake. Aliwaongoza watu zaidi ya mia moja hata wakatoka salama. Siku zilizofuata wafanyakazi wengi wa Kitajiki walitukanwa na kusumbuliwa barabarani kwa kosa wasilolitenda. Lakini kila mtu mwenye haki alijua ni nani katika wale wawili, muuaji au mtunza makoti, aliyefuata mafundisho ya Mtume wetu S.A.W.

Kuna na habari ya kijana wa Kitanzania aliyekwenda kusoma Moscow. Alifungwa mwaka 2022. Akiwa gerezani akaahidiwa kusamehewa kama atajiunga na kundi la wapiganaji wa kukodiwa. Akakubali, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akauawa Ukraine. Serikali ya Tanzania ilieleza habari hiyo mwezi wa Januari 2023, na mwili wake ukarejeshwa kwao. Mwaka 2024 waandishi wa habari walifunua pia ya kuwa wasichana wa Kiafrika, wakiwamo wa Uganda na Kenya, walioahidiwa masomo na kazi za hoteli, walijikuta katika kiwanda cha Tatarstan wakiunda ndege za vita zisizo na rubani.

Hatusemi msiende. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, kimewasomesha Waafrika wengi waliorejea wakawa madaktari na wahandisi wenye manufaa. Twasema: nenda kwa barua ya chuo unachokijua, si kwa ahadi ya mtu wa simu. Usitie sahihi karatasi usiyoweza kuisoma. Hati yako ya kusafiria usimpe mtu aitunze. Na damu yako usiiuze, kwani vita ile si yako, na roho ya mwanadamu haina bei.

Kilichobaki nyumbani

Tumeuliza mara nyingi: ilikuwaje Uislamu usife katika Urusi? Kwa miaka mingi Kazan yote ilibakiwa na msikiti mmoja tu ulio wazi, nao ni ule wa Marjani. Msikiti wa mji wa Leningrad, ambao leo ni Saint Petersburg, ulifungwa mwaka 1940 ukafanywa ghala, haukufunguliwa mpaka 1956. Hapakuwa na madrasa kwa watoto, wala gazeti, wala redio ya dini.

Walioihifadhi dini ni wanawake wa nyumbani. Watatari huwaita abistai: vikongwe waliojifunza Qurani kabla ya dhiki, wakawafundisha wajukuu jikoni, mapazia yamefungwa. Mtoto alipozaliwa walimwadhinia. Maiti alipokufa walimsomea. Mwezi wa Ramadhani walipika futari kama chakula cha kawaida, na jirani mpelelezi asitambue. Hawakuwa na cheo wala mshahara. Wafalme waliotoa ruhusa na viongozi waliozitwaa wamepita wote, nao vikongwe wale wamepita. Lakini waliyoyafundisha yakawa mbegu, na milango ya misikiti ilipofunguliwa tena, walikuwapo watu wa kuingia.

Basi, enyi wazazi, hilo ndilo tulichukualo kutoka Urusi. Sisi tuna misikiti kila mtaa na adhana mara tano, nasi hudhani ya kuwa hivyo vyatosha kumlea mtoto. Havitoshi. Kijana aliyefunzwa nyumbani aweza kupelekwa Moscow au Vladivostok, katika usiku mfupi au baridi kali, na asipotee. Asiyefunzwa hupotea hata akikaa ubavuni mwa msikiti. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe madrasa kabla haijafika siku ambayo hatutakuwa na madrasa nyingine. Amin.